Dakika Sifuri katika Mji wa Tulizo

Wageni wengi hawaamini wanapoambiwa kwamba katika nchi ya Kivumbasi hakuna mgonjwa anayemsubiri daktari. Hudhani ni maneno ya majukwaani. Lakini takwimu zipo, zimechapishwa kwenye karatasi nzito inayong'aa, tena zina mihuri ya wizara tatu: wastani wa muda wa kusubiri katika kitengo cha dharura cha Hospitali ya Tulizo ni dakika sifuri. Si dakika moja. Sifuri. Na kwa kuwa si adabu kubishana na serikali iliyojaa watu waliosoma, hapa itaelezwa tu jinsi Mwalimu Zakayo Lubambe na mkewe Perusi walivyozipitisha dakika hizo sifuri, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku ya Jumanne.

Tulizo ni mji wa wastaafu. Mtukufu Rais wa Kivumbasi, ambaye cheo chake kamili ni Baba wa Wazee Wote ingawa mwenyewe ana miaka arobaini na tisa, alikuwa amegundua kwamba wazee wa nchi yake wametapakaa ovyo, kila mmoja anazeekea anakotaka, bila mpangilio. Akaamuru wajengewe mji. Zikasimama nyumba mia nne za rangi moja, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Mitaa ikapewa majina: Mtaa wa Shukrani, Mtaa wa Shukrani Zaidi, na Barabara ya Utulivu. Katikati ikawekwa hospitali. Kitengo chake cha dharura kilizinduliwa mara tatu na mawaziri watatu, kila mmoja na utepe wake, hata ikawa mlango ule umezoea mikasi kuliko wagonjwa.

Mwalimu Zakayo hakuwa na haja ya kuhamia huko. Alikuwa na miaka sabini na miwili, alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minane, na kule Nsolo milimani alikuwa na nyumba yake, miparachichi yake, na mke aliyewajua mbuzi wa majirani kwa majina. Aliyemhamisha ni Feruzi Kasanda.

Feruzi alikuwa mwanafunzi wake. Alifika kwao akiwa na miaka kumi na mitatu, mama yake amekufa, hana pa kulala. Perusi akamtandikia kitanda pamoja na watoto wake, na kwa miaka minne akampakulia chakula kabla ya kujipakulia mwenyewe. Sasa Feruzi alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mji wa Tulizo na hospitali yake. Siku moja alikuja Nsolo kwa gari lenye bendera, akaketi jikoni kwa Perusi kwenye kibao cha kukunia nazi, akala ugali kwa maharage, akaramba vidole.

"Mama," akasema, "hicho kichwa kinachokuuma kila wiki, huku nani atakiangalia? Zahanati yenu ina vidonge vya maumivu na kalenda. Njooni Tulizo. Kutoka mlangoni kwenu mpaka kitengo cha dharura ni hatua mia tatu. Nimezihesabu mwenyewe."

"Umezihesabu kwa miguu yako au kwa miguu yangu?" Perusi akauliza.

"Kwa miguu yako, Mama."

Perusi alicheka. Mwalimu aliamini. Na hakuamini peke yake, alipita nyumba kwa nyumba kwa wastaafu wenzake wa Nsolo akiwaambia, "Kijana ni wangu huyu. Nimemlea. Hawezi kunidanganya." Watu wale hawakuiamini serikali, maana walikuwa wameitumikia na kuijua. Walimwamini Mwalimu. Familia kumi na moja zikafunga virago, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa Mtaa wa Shukrani Zaidi, wakijifunza kutofautisha mlango wao na wa jirani.

*

Jumanne hiyo Perusi alikuwa barazani akichambua maharage. Mwalimu akasikia ungo unaanguka. Alipotoka, alikuta maharage yametapakaa sakafuni na mkewe ameegemea ukuta, mdomo umevutwa upande mmoja, kana kwamba nusu ya uso wake inataka kucheka na nusu imekataa. Alijaribu kusema kitu. Kilitoka kama mtu anayesukutua maji.

Mwalimu alikuwa msikilizaji mzuri wa vipindi vya afya redioni. Alijua. Akatazama saa, mazoea ya darasani: saa nne kasoro dakika tatu. Kisha akaita kwa sauti ambayo hakujua kama bado anayo.

"Hilali! Hilali, njoo!"

Hilali Mkumbukwa, fundi wa reli mstaafu, alikuwa jirani yao hapa kama alivyokuwa jirani yao Nsolo. Alitoka na povu la kunyolea ndevu shavuni. Hakuuliza maswali. Walimkalisha Perusi kwenye kiti cha plastiki, mmoja akashika kulia, mwingine kushoto, wakakimbia jinsi wanavyokimbia watu wenye miaka sabini. Na kweli hazikuwa mbali. Hilali, aliyezoea kuhesabu mataruma ya reli, alihesabu hatua mia mbili na tisini na nne. Katika hilo Feruzi hakusema uongo.

Getini alisimama mlinzi mwenye kofia ya pembeni. Akapiga saluti.

"Karibuni Hospitali ya Tulizo, ambako hakuna kusubiri. Kiti hicho hakiingii."

"Mgonjwa amekalia," Hilali akasema.

"Ndiyo maana hakiingii, mzee. Waraka namba kumi na nne: muda wa kusubiri huanza kuhesabiwa mgonjwa anapoketi kwenye kiti. Ndani tumeondoa viti vyote. Sasa mkiingiza chenu, mnatuingizia kusubiri."

"Na mgonjwa akae wapi?"

"Mgonjwa hakai, anahudumiwa. Akiamua kukaa chini kwa hiari yake, hilo ni lake binafsi. Katiba inamruhusu."

Hapakuwa na muda wa kujadili Katiba. Walimtoa Perusi kitini, wakambeba mikononi. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwafungulia mlango na kuwaahidi kwamba atakilinda kiti chao.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, unang'aa, na umejaa. Wazee kama sitini walikuwa chini kwa hiari yao binafsi. Walikuwa wametandika mikeka na khanga, wengine wana chupa za chai na vitabu vya sala. Karibu na nguzo aliketi hakimu mstaafu aliyevunjika mkono wiki tatu nyuma. Mkono ulikuwa umeanza kuunga wenyewe, umepinda kama mpini wa mwavuli, na hospitali ilikwisha kumwandika katika orodha ya waliopona. Mwalimu aliwaona na watu wake wa Nsolo, wanne, watano, hakumaliza kuhesabu. Walimsogezea mkeka. Perusi akalazwa.

Kwenye dirisha la mapokezi karani alimpa Fomu ya Kuthibitisha Ghafla. Swali la kwanza: Je, ugonjwa wako ulikuja ghafla? La pili: Je, uliutarajia? Kama uliutarajia, si dharura, rudi Alhamisi. Kama hukuutarajia, eleza kwa nini hukuutarajia. Chini kabisa palikuwa na mstari wa saini ya mgonjwa, kwa mkono wa kulia.

"Mkono wa kulia ndio uliopooza," Mwalimu akasema.

"Basi asaini kwa kushoto, kwenye Fomu ya Kubadili Mkono."

"Nipe hiyo fomu."

"Hatoi mtu hapa, Baba. Anatoa daktari, akishamwona mgonjwa."

Mwalimu alirudi mkekani, akaiweka kalamu katika mkono wa kushoto wa Perusi, akaufumbata kwa mkono wake, wakachora mstari. Karani aliuinua kwenye mwanga, akautazama kama noti iliyochakaa.

"Nitaupokea," akasema, "kwa sababu wewe ni Mwalimu wa Mkurugenzi."

Na Mwalimu, mkewe akiwa amelala sakafuni, alisikia kitu kama fahari kikimpita kifuani. Baadaye aliona aibu sana kukikumbuka.

*

Muuguzi mmoja alipita na sinia la vifaa. Mwalimu akamshika gauni. Alikuwa Sista Editruda, mama wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Alipiga magoti, akamfunua Perusi macho, akainua mkono wa kulia na kuuachia. Ukaanguka kama kitambaa.

"Baba, hiki ni kiharusi," akasema kwa sauti ya chini. "Dawa yake tunayo. Maboksi mazima, kabatini. Lakini lazima daktari aandike, na leo daktari ni mmoja, naye yuko kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupokea wageni. Kuna ujumbe unakuja kutoka nchi jirani kujifunza tulivyofuta foleni. Daktari anafundishwa kutabasamu tangu saa moja asubuhi." Akatazama huku na huku. "Kama una mtu, mpigie. Mimi nikipanda juu kumwita mara ya pili watanihamishia mochwari."

Mwalimu alikuwa na mtu. Alitoa simu, akabonyeza namba ambayo hakuwahi kuitumia kuombea chochote. Feruzi akapokea mara moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Feruzi, mama yako ameanguka. Kiharusi. Tuko chini hapa, ukumbini kwako."

Kiti kilisikika kikisogezwa upande wa pili wa simu.

"Nakuja, Mwalimu. Nakuja sasa hivi. Msiondoke."

"Anakuja," Mwalimu akamwambia Perusi. Akamwambia Hilali, "Anakuja." Akamwambia hata hakimu mwenye mkono wa mwavuli, aliyekuwa hajauliza. Ilikuwa saa nne na nusu.

Saa tano ikapiga. Mlango wa ndani ulifunguliwa mara kadhaa, na kila ulipofunguliwa Mwalimu alisimama, akapangusa suruali, akakaa tena. Saa sita ikapita. Perusi alikuwa amekishika kidole chake kwa mkono wa kushoto na hakukiachia. Macho yake yalikuwa mazima. Hilo ndilo lililomtesa Mwalimu kuliko mdomo uliopinda: macho yale yalikuwa ya Perusi mwenyewe, yuko mle ndani, anangoja, anaelewa kila kitu. Akamsimulia habari za miparachichi. Akamwambia ule wa karibu na choo mwaka huu utakuwa umezaa sana. Hilali akaleta maji kwenye kikombe. Hayakumezeka, yakatoka upande wa mdomo, na Hilali akayafuta kwa pindo la shati lake.

"Mwalimu," akasema Hilali ilipofika saa saba, bila kumtazama, "hii 'sasa hivi' ya kijana wako ina urefu gani?"

"Ana shughuli nyingi."

"Aha," akasema Hilali.

*

Saa nane kasoro robo wafagiaji waliingia na kupuliza manukato ya limau juu ya vichwa vya watu. Kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu wazee, mnaombwa kwa heshima na taadhima kuonekana mmekwisha kuhudumiwa. Wenye mikeka waikunje. Wenye maumivu wayatunze kwa dakika ishirini. Ahsanteni kwa uzalendo."

Mlango wa ndani ukafunguliwa pande zote mbili. Akatoka Mkurugenzi Feruzi katika suti ya kijivu, nyuma yake maofisa, nyuma ya maofisa daktari aliyetabasamu kama mtu aliyeshikiliwa mashavu, na katikati yao wageni sita. Kiongozi wao alikuwa mama mwembamba mwenye miwani na daftari, mmoja wa wale watu wenye tabia mbaya ya kusoma kila kilichoandikwa.

"Waheshimiwa wageni wetu," akaanza Feruzi, "wakati mataifa makubwa yakihangaika kupunguza foleni, sisi Wanakivumbasi, chini ya uongozi wenye maono ya Mtukufu Baba wa Wazee Wote, tulijiuliza swali la kina zaidi: foleni ni nini hasa? Wataalamu wetu walikaa miezi minane hotelini kulitafakari. Wakabaini kwamba foleni si watu, foleni ni hesabu. Na hesabu, waheshimiwa, hurekebishika!"

Maofisa wakapiga makofi. Mwalimu akasimama.

"Feruzi! Mwanangu!"

Feruzi aligeuka. Kwa kitambo kidogo sana uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyesimama mlangoni bila mahali pa kulala. Kisha Mkurugenzi akarudi ndani ya uso ule.

"Bahati iliyoje!" akasema, akitandaza mikono. "Waheshimiwa, huyu ndiye Mwalimu aliyenifundisha kusoma ramani. Mkazi wetu, mwenye furaha."

"Na mama aliyelala chini?" akauliza yule mgeni wa miwani.

"Huyo ni mama yangu mlezi. Wamefika sasa hivi. Anaingizwa ndani."

Mgeni hakuridhika. Akasogea hadi mbele ya Mwalimu, akainama kidogo kama mtu aliyefunzwa adabu kwao.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani kwa usumbufu. Hapa mmesubiri kwa muda gani?"

Wazee wa ukumbini walikuwa wamelala kwenye sakafu ile siku mbili, siku tatu, wengine wiki nzima na zaidi, na hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo. Sasa lilikuwa limeulizwa, na kwa bahati yao njema limemwangukia mtu waliyemwamini. Hakimu aliacha kuushika mkono wake. Wale wa Nsolo walinyanyua shingo.

Feruzi akamkaribia Mwalimu, akaanza kumnyoosha kola ya shati kama mtoto mwema.

"Sema hamjasubiri," akamnong'oneza. "Ukisema hivyo Mama anaingia dakika hii hii. Daktari huyu hapa nyuma yangu. Ukisema vingine, jioni mimi sina kazi, na nisipokuwepo nani atamwingiza?"

"Nilikupigia saa nne na nusu, Feruzi."

"Najua. Sema, Mwalimu. Kwa ajili ya Mama."

Mwalimu alimtazama Hilali, aliyekipakata kichwa cha Perusi mapajani. Akamtazama Perusi. Akayaona yale macho. Miaka thelathini na minane aliwachapa watoto wa watu kwa kudanganya kwenye mtihani.

"Hatujasubiri," akasema. "Tumefika sasa hivi."

"Saa ngapi hasa, mzee?"

"Saa nane. Saa nane kamili."

Karani akaandika. Makofi yakapigwa. Mama wa miwani aliendelea kumtazama Mwalimu kwa muda, kisha akafunga daftari lake taratibu, kama mtu anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa. Hilali alikinyanyua kichwa cha Perusi kutoka mapajani mwake, akakikabidhi kwa wabeba machela, akasimama, akatoka nje ya ukumbi.

*

Ndani palikuwa na wodi ambayo Mwalimu hakuwahi kuona mfano wake: vitanda kumi na viwili, shuka nyeupe zenye mikunjo ya pasi, maua, mashine yenye taa za kijani. Perusi akalazwa kitanda cha kwanza. Daktari akamwinamia na kipima mapigo. Kamera zikaangaza.

"Daktari, dawa," akasema Mwalimu.

"Wageni wakitoka, Baba," akajibu daktari bila kugusanisha midomo, maana tabasamu lilikuwa bado kazini.

Wageni walitoka, lakini walitoka kwenda kunywa chai, na chai ya Kivumbasi hainyweki bila hotuba. Zikasomwa mbili. Vikatolewa vinyago. Ikapigwa picha ya pamoja, na picha ya pamoja haikukamilika bila daktari. Perusi alibaki kwenye kitanda kile kizuri, mkono wa kushoto ukitafuta kidole cha mumewe. Saa kumi wahudumu wawili waliingia, wakambiringisha kwa uangalifu upande huu na upande ule, wakavuta shuka.

"Za maonyesho hizi, Mwalimu," mmoja akaeleza. "Zinarudi stoo."

Daktari alirudi saa kumi na moja. Bila tabasamu alikuwa kijana mdogo tu, hajafika miaka thelathini, na chini ya macho palimwingia giza. Sasa alimpima Perusi kwa kweli, miguu, mikono, macho, ulimi.

"Ilianza saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Daktari aliinama. "Dawa ile ni ya saa za mwanzo, Baba. Zikipita saa nne na nusu tangu mtu aanguke, haisaidii. Inaweza hata kumuua." Kabati lilikuwa wazi nyuma yake. Mwalimu aliyaona maboksi, yamepangwa vizuri, hata plastiki yake haijachanwa. "Mlipoingia humu ilikuwa imebaki nusu saa."

"Na nusu saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Kwenye picha," akasema daktari.

Daktari akavuta faili, akasoma alichoandikiwa: mgonjwa alifika saa nane kamili, kwa maelezo ya mume, mbele ya mashahidi, na akapata kitanda papo hapo. Mfumo, akaeleza kwa sauti inayofifia, unadai sababu ya kuchelewa tangu saa nne hadi saa nane. Sababu zinazokubalika ni mbili: uzembe wa familia, au kudra za Mwenyezi Mungu.

"Tulikuwa hapo nje," Mwalimu akasema. "Nyuma ya mlango huo."

"Najua, Baba. Wote huwa hapo nje. Nisaidie kuchagua, maana bila hivyo hawatanipa hata dripu ya kumwekea."

"Andika familia," akasema Mwalimu. "Mungu msimwingize humu."

*

Perusi hakufa. Baada ya siku tisa alirudi Mtaa wa Shukrani Zaidi kwenye kiti cha magurudumu. Upande wa kulia ulikuwa umekwenda, na maneno yalikuwa yamekwenda, isipokuwa moja. Daktari alisema hutokea hivyo, neno moja likasalia kama kikombe kilichosahaulika kwenye nyumba iliyohamwa. Lake lilikuwa "haya".

Kwa neno hilo Perusi aliomba maji, alikataa uji, aliitikia salamu, alidai dirisha lifunguliwe. Mwalimu alijifunza kuzitofautisha haya hizo kama alivyojifunza zamani majina ya mito. Kulikuwa na haya fupi ya kiu. Kulikuwa na haya yenye sauti ya kupanda, ya kuuliza nani yuko mlangoni. Kulikuwa na moja nzito, inayoburuzika, ya wakati wa jioni, ambayo maana yake ilikuwa kwamba amekumbuka nyumbani.

Siku Perusi alipoanza kulala vizuri mchana, Mwalimu alivaa koti na kuzipita zile nyumba kumi na moja, moja baada ya nyingine. Katika kila mlango alisema yale yale: niliwaleta hapa, kisha nikasema uongo mbele yenu. Wengine walimpa chai. Wengine walimwambia yamepita, kwa sauti ya watu ambao hayajawapita. Kwa Hilali alifika mwisho. Hilali alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini.

"La saa nane sikulaumu," akasema. "Ningekuwa mimi, ningesema hata kwamba mimi ndiye daktari. Lile la kwanza ndilo linaloniuma. Ulituambia kijana ni wako."

"Alikuwa wangu, Hilali."

"Basi," akasema Hilali. Hakufunga mlango, na hakumkaribisha ndani.

Wiki ya sita zikaja habari kwamba Hospitali ya Tulizo imepata kombe la bara zima kwa kasi ya huduma, na kwamba Feruzi Kasanda ameteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Wazee na Utulivu. Kabla ya kwenda kuapishwa alikuja kuaga, Jumapili alasiri, na kikapu cha matunda na mpiga picha wa gazeti la wizara. Mwalimu alimwonyesha mahali Perusi alipo, karibu na dirisha. Hakumpa kiti.

Feruzi alipomwona alisimama kama amesahau alichokuja kukifanya. Kisha akapiga magoti mbele ya kile kiti cha magurudumu, suti na yote, na akalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Mwalimu aliyatazama kwa makini, akitamani yawe ya uongo, lakini yalikuwa ya kweli.

"Nilikuwa juu, Mama," akasema Feruzi. "Ofisini kwangu kuna dirisha linalotazama ukumbini. Nilikuwa nakuona. Nilisema nikishuka kabla ya wageni watu watasema nawapendelea wangu. Nikasema dakika tano. Nikasema tena dakika tano. Mama, nisamehe. Niambie umenisamehe, niende kwa amani."

Perusi alimtazama muda mrefu. Ule upande mzima wa uso wake haukusogea.

"Haya," akasema.

Feruzi akaubusu mkono wake, akainuka akijifuta macho. "Umesikia?" akamwambia mpiga picha. "Amesema haya. Andika hivyo hivyo, mama amesema haya."

Mwalimu alikuwa amesikia. Aliijua ya maji, aliijua ya uji na ya dirisha. Hii haikuwa mojawapo. Hii ilikuwa ile haya ambayo mtu huambiwa hana.

"Umemsikia mama yako," akasema, akafungua mlango. "Nenda, Feruzi."

"Asante, Mwalimu. Amenipa baraka." Naye akaenda, mwepesi wa hatua, na gari lenye bendera likaondoka naye, na kesho yake gazeti likaandika kwa herufi kubwa jinsi mama mlezi alivyombariki Naibu Waziri.

Mwalimu alifunga mlango. Alisimama hapo kidogo, mkono ukiwa bado kwenye kitasa. Kisha akarudi dirishani, akapiga magoti pale pale alipopiga yule mwingine, taratibu, kwa ajili ya magoti yake mabovu.

"Na mimi, Perusi?" akauliza. "Mimi niliyekuleta?"

Perusi akautoa mkono wa kushoto chini ya khanga, akautua juu ya kichwa chake chenye mvi.

"Haya," akasema.

Na Mwalimu, aliyejidai kwamba amezijua zote, alibaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, asijue hiyo ilikuwa ipi.